Tenki la damu ya mzee: filamu ya kulinda rangi ilipobanduka na rangi yenyewe

Pikipiki ni Boxer 150 ya bodaboda, kijiwe chake Mbagala, Dar es Salaam. Tenki la mafuta lilikuwa limechubuka sehemu tatu: mbavu zote mbili pale magoti yanapobana, na mgongoni mbele ya kiti, pale panapokaa mtungi wa gesi wa kilo 6, ndoo ya samaki au begi la abiria. Mwenye pikipiki alilipeleka kwa fundi, likapigwa rangi upya, damu ya mzee, likang'aa. Siku ya nne tangu lipakwe akaenda kwa mtu wa stika, akabandikiwa filamu angavu, yaani plastiki nyembamba yenye gundi, vipande vitatu, kimoja kila ubavu na kimoja juu, ili mikwaruzo isirudi.

Jua la siku mbili likatosha. Ubavu wa kulia ukatoa malengelenge madogo madogo, kama vipele vya joto shingoni mwa mtoto. Dereva aliyaminya kwa kidole gumba, yakalala. Kesho yake mchana yakainuka tena palepale. Wiki ya pili ukingo wa mbele ukaanza kuachia, vumbi likaingia chini yake, ukawa mstari mweusi. Wiki ya tatu akashika ncha, akavuta. Filamu ikatoka na rangi, mabaka mawili ya ukubwa wa kiganja, na chini yake ikachungulia rangi ya kiwandani, nyeusi, ikimeremeta kama siku ilipotoka dukani.

Huko kumeremeta ndiko kunakoeleza karibu kisa chote.

Kijiweni hukumu ilitoka haraka: filamu feki, gundi kali mno. Filamu kweli haikuwa nzuri, tutafika huko. Lakini gundi haikukosa. Gundi hushika ilichobandikwa, basi. Ikivutwa, panapoachia ni pale palipo legevu kuliko pote katika mrundikano wa tabaka: filamu na klia (tabaka angavu la mwisho juu ya rangi), klia na rangi, rangi na praima (tabaka la kwanza linaloshika chuma), praima na chuma. Kwenye tenki hili palipoachia ni kati ya rangi mpya na klia ya zamani. Rangi mpya ilikuwa imelala juu ya ya zamani bila kuishika. Hata kama filamu isingebandikwa, rangi hiyo ingeanza kumenyeka yenyewe pale magoti yanaposugua. Filamu iliharakisha tu, ikaitoa kwa mkupuo.

Vipimo vilivyofanywa

Kabla ya kugusa kitu kingine, tenki lilipimwa kwa njia nne ambazo hazihitaji mashine. Zinafaa kufanywa na yeyote anayetaka kubandika filamu juu ya rangi asiyoijua historia yake.

Kwanza macho. Sehemu iliyobanduka ilitazamwa juani kwa kuinamisha tenki huku na huku. Rangi iliyopigwa msasa kabla ya kupakwa tena huonyesha ukungu wa mikwaruzo mieupe, na mikwaruzo hiyo ndiyo kucha za rangi mpya. Hapa haikuwapo, isipokuwa pale penye michubuko ya zamani, ambapo fundi alisugua kidogo na kupaka puti. Na kweli, pale penye puti rangi haikutoka. Ilitoka kuzunguka puti.

Pili, ukucha. Ukucha wa kidole gumba ulikandamizwa kwenye rangi kwa sekunde kama tano. Sehemu iliyokuwa wazi muda wote haikuweka alama. Sehemu iliyokuwa chini ya filamu, rangi ileile, siku ileile, mkono uleule, iliweka alama ya nusu mwezi ambayo haikufutika, na ilikuwa inanukia thina wiki tatu baada ya kupakwa. Kipimo hiki kina nguvu kwa sababu kinalinganisha tenki na lenyewe. Thina ilikuwa bado inatoka kwenye rangi, filamu ikaufunga mlango.

Tatu, kitambaa chenye thina. Kilisuguliwa sekunde kumi mahali pasipoonekana, kikatoka chekundu. Maana yake rangi ilichanganywa na thina peke yake, bila hadina, yaani kigumishi. Rangi ya aina hiyo hukauka kwa thina kuruka tu; haijifungi, na ikikutana na thina tena huyeyuka. Yenye hadina, ikishakomaa, kitambaa hutoka cheupe. Kwenye tenki la mafuta tofauti hii si ya kinadharia. Petroli humwagika kila siku unapojaza, nayo hulainisha rangi isiyo na hadina. Kuzunguka mfuniko rangi ilikuwa tayari imepauka, umbo la machozi lililoelekea kushoto. Hayo machozi yatarudi mwishoni mwa kisa.

Nne, mikato na selotepu. Kipimo hiki kina kiwango chake cha kimataifa, ISO 2409. Unakata mistari sita kwa wembe mpya, kisha mingine sita ya kuikatiza, yote ifike chini kabisa. Rangi isiyozidi unene wa maikroni 60 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mistari iachane milimita 1. Kati ya 61 na 120, milimita 2. Kati ya 121 na 250, milimita 3. Tenki lililopakwa rangi juu ya rangi, na puti juu yake, litendee kama nene, utumie 3. Unafuta vumbi kwa brashi laini, unakandamiza selotepu ngumu, unaivuta kwa mlalo wa nyuzi kama 60, upesi, ndani ya sekunde moja. Matokeo hupewa alama kutoka 0, ambapo hakuna kilichotoka, hadi 5. Tenki hili lilikatwa nyuma kabisa, sehemu inayoingia chini ya kiti. Karibu nusu ya vile vijiraba vilitoka na selotepu. Filamu ya kulinda rangi hushika kwa nguvu kuliko selotepu ya dukani, kwa hiyo jibu lilikuwa limepatikana.

Ukimaliza kipimo hiki paka praima na rangi kwenye mikato yako siku hiyohiyo. Ni chuma, na hii ni pwani.

Lengelenge si lengelenge tu

Mtu wa stika alimwambia mteja kwamba mapovu yatakauka yenyewe. Aliyasema hayo kwa sababu aina moja ya mapovu hukauka kweli, na hapa ndipo wengi hupotea.

La maji huwa pana, laini, likiminywa hutembea kama tone chini ya ngozi. Mara nyingi huja na ukungu mweupe mweupe. Hilo huisha lenyewe, siku chache hadi wiki tatu kutegemea jua. La hewa halitembei wala halipungui. Lina ukingo mkali, na mara nyingi katikati yake kuna punje ya vumbi iliyoliinua kama nguzo ya hema. Hilo ni kosa la usafi. La thina ndilo baya: huwa mengi, madogo, yaliyosambaa sawasawa, hayapo siku ya kubandika, huja baada ya jua, na ukiyaminya hurudi kwa kuwa kinachoyajaza bado kinazalishwa chini. Halina dawa ila kubandua.

Makosa ya mtu wa stika

Alichobandika ni karatasi angavu ya PVC, ile inayofunika mabango yaliyochapishwa. Ni nyembamba, kwa kawaida maikroni 70 hadi 100, na imetengenezwa kwa kukamuliwa kati ya mapipa ya moto mpaka ikawa bapa. Plastiki ya namna hiyo ina kumbukumbu: ikipata joto hutaka kurudi ilivyokuwa, hivyo husinyaa. Juu ya ubao bapa husinyaa taratibu usione. Juu ya tenki, ambalo limevimba juu na kubonyea pale goti linapokaa, ilivutwa kwa nguvu ili ilale, na kila ilipovutwa ilikuwa inasubiri jua irudi. Ukingo wa mbele ulikuwa umerudi nyuma milimita 2, ukaacha utepe wa gundi wazi. Gundi wazi barabara ya Mbagala haikai safi hata nusu siku.

Filamu inayofaa kazi hii ni ya poliurethani, unene wa maikroni 150 hadi 200. Asili yake ni mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani, yaliyokuwa yakiliwa na mchanga wakati wa vita vya Vietnam. Huvutika kama ngozi na kurudi bila kuchanika, na mkwaruzo mdogo wa juu juu hujifunga ukipigwa na jua, kama ni ile yenye tabaka la juu la aina hiyo. Ni ghali mara kadhaa kuliko karatasi ya mabango. Kwa tenki moja kinachohitajika ni kipande kidogo, na mafundi wa magari mara nyingi wana mabaki wanayoyatupa. Kuyaulizia hayo ni busara kuliko kununua futi zima.

Kosa la pili lilikuwa wembe. Filamu ilibandikwa kubwa, kisha ikakatwa ikiwa juu ya tenki. Baada ya kubandua, mstari wa wembe ulionekana kuzunguka ubavu mzima, umepenya klia, na karibu na mshono wa chini ulikuwa umeshaanza kutoa kutu. Yaani kinga ya mikwaruzo ndiyo iliyoleta mkwaruzo mrefu kuliko yote.

Kosa la tatu lilikuwa maji. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka chini ya filamu huacha madoa meupe yasiyofikika kwa kitambaa. Yalikuwapo, hasa kwenye kipande cha juu. Na sabuni ilikuwa ya kuoshea vyombo, iliyomiminwa kwa macho. Ikizidi, gundi huelea juu yake na haishiki vizuri hata baada ya kukauka.

Kubandua vipande vilivyobaki

Ubavu wa kushoto na kipande cha juu vilikuwa bado vimeshika, kwa hiyo vilibanduliwa kwa utaratibu. Tenki lilifunguliwa kutoka kwenye pikipiki kwanza, bomba la mafuta likatolewa, petroli ikahamishiwa kwenye galoni yenye mfuniko.

Hapa kuna jambo la kusema kwa ukali. Vitabu vya magari huagiza mashine ya hewa moto. Kwenye tenki la pikipiki usiitumie, iwe limejaa au tupu. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata petroli yenyewe ikiwa na baridi ya nyuzi kama 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa hivyo hutambaa chini mpaka ukutane na cheche, na tenki lililomwagwa mafuta lina hatari zaidi kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Waya wa ile mashine huwa mwekundu ndani. Tumia maji ya moto, yasiyochemka, na taulo: lichovye, likamue, lilaze juu ya filamu dakika moja hadi mbili, rudia.

Filamu ikishapata joto, ncha inakunjwa nyuma ilale juu ya yenyewe, karibu bapa, kisha inavutwa polepole. Ukiivuta kwenda juu, wima, nguvu yote inakwenda kunyofoa rangi. Ukiivuta bapa, unaimenya. Kwa mwendo huo ubavu wa kushoto ulitoka ukiacha rangi karibu yote, ingawa ilikuwa dhaifu vilevile. Gundi iliyobaki ilitoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni, kisha maji. Thina haifai kwa kazi hii juu ya rangi unayotaka ibaki.

Rangi hii lakini haikuwa ya kubaki.

Kurudi kwenye rangi

Kwa kuwa rangi mpya haikuwa na hadina, ilifutwa yote kwa matambara na thina, na klia ya kiwandani, iliyookwa, ikabaki chini karibu nzima. Bahati hiyo iliokoa kazi ya kushuka mpaka kwenye chuma. Tenki lote likapigwa msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao ukafa kila mahali, pamoja na kwenye kona za mshono ambako mkono huchoka. Puti ikasawazishwa. Palipofika chuma pakapakwa praima yenye hadina, msasa namba 600, rangi, kisha klia yenye hadina mikono miwili, dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Kipimo cha hadina ni kile kilichoandikwa kwenye bati la klia hiyo, kwa kikombe chenye mistari; klia nyingi ni 2 kwa 1, lakini si zote, na fundi anayechanganya kwa macho ndiye aliyetufikisha hapa.

Halafu ikaja sehemu ngumu kuliko zote: kusubiri siku 30. Watengenezaji wa filamu kwa kawaida hutaka muda huo kwa rangi iliyokaushwa kwa hewa. Iliyookwa kwenye tanuri huweza kubandikwa mapema zaidi. Bodaboda haiwezi kulala mwezi, kwa hiyo ilifanya kazi. Dereva alitaka kurudisha kava lake la ngozi bandia, lile lenye sponji na nyuzi za kuning'inia. Akakatazwa. Kava hilo hukusanya vumbi chini yake, na kwa mtikisiko wa injini vumbi hilo husaga rangi mchana kutwa; likilowa mvua, maji hukaa humo siku mbili. Mengi ya yale mabaka yaliyofifia unayoyaona kwenye matenki ya bodaboda ni kazi ya kava. Mwezi huo kilitumika kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kinawekwa tu wakati wa kubeba mzigo juu, kinatolewa mzigo ukishuka.

Siku ya 31 ukucha haukuacha alama, kitambaa cha thina kilitoka cheupe, na mikato ya selotepu nyuma ya tenki haikupoteza hata kijiraba kimoja.

Kubandika upya

Vifaa vilikuwa vichache: filamu ya poliurethani ya sentimita 70 kwa 45, ambayo hutoa vipande viwili vya 32 kwa 22 na kimoja cha 25 kwa 18, chupa mbili za kupulizia za lita moja, kadi laini ya kusukumia maji iliyovikwa kitambaa, selotepu ya karatasi, ile pana ya mafundi rangi, na wembe ambao haukuruhusiwa kukaribia tenki.

Chupa ya kwanza ni ya kutelezesha: lita 1 ya maji na matone matano ya shampuu ya watoto, isiyo na losheni. Chupa ya pili ni ya kushikisha: mililita 250 za spiriti ya isopropili ya asilimia 70 na mililita 750 za maji. Maji kwenye chupa zote yawe yale yaliyokenekwa (distilled) ya kuongezea betri. Soma lebo mara mbili, maana duka lilelile huuza asidi ya betri katika chupa zinazofanana.

Neno juu ya spiriti. Ile ya hospitali, inayouzwa kila duka la dawa kwa kusafishia vidonda, si mbadala. Nyingi hutengenezwa kwa fomula inayotiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi ya mgonjwa. Ukisafishia tenki unaacha utando wa mafuta, na filamu itateleza juu yake miezi. Jaribu kwa tone moja juu ya kioo: likikauka likaacha duara la mafuta, lirudishe kabatini.

Michoro ilitolewa kwenye tenki lenyewe. Selotepu ya karatasi ilibandikwa vipande vilivyopandana mpaka ikafunika ubavu, mpaka ukachorwa kwa kalamu, kisha yote ikabanduliwa kama karatasi moja. Mpaka ulikaa milimita 5 ndani ya mshono wa chini, kwa kuwa filamu inayopanda juu ya mshono haikai. Kipande cha juu kiliwekwa sentimita 2.5 kutoka kwenye mfuniko wa mafuta, baada ya majadiliano. Dereva alitaka kifike mpaka kwenye mfuniko. Kona zote zilizungushwa kwa kufuata sarafu, kwani kona kali ni mkia wa kushikia kila kinachopita, suruali kwa kitambaa cha kufutia.

Kosa la kawaida hapa ni kukata mbavu mbili za kushoto. Mchoro wa ubavu mmoja ukiwekwa upande wa uso wa filamu, wa pili uwekwe upande wa karatasi ya mgongoni, ndipo utapata kulia na kushoto. Hakikisha kwa kuviweka kavu juu ya tenki kabla ya kumenya karatasi.

Kazi ilifanyika saa moja asubuhi, ndani, sakafu ikiwa imemwagiwa maji vumbi lilale, feni imezimwa, tenki likiwa baridi mkononi. Tenki lililokaa juani hukausha maji kabla hujasawazisha, na gundi hukamata pale ilipogusa mara ya kwanza. Lilioshwa kwa sabuni, likasuuzwa, likafutwa kwa isopropili, vitambaa viwili, cha kulowesha na cha kukaushia. Kisha likapulizwa chupa ya kwanza mpaka likatiririka. Vidole vikapulizwa pia. Karatasi ya mgongoni ilipokuwa inamenywa mtu wa pili alipuliza upande wa gundi hapohapo, kwa sababu filamu kavu huvuta vumbi la hewani kama nguo ya nailoni.

Ubavu wa tenki una bonde pale goti linapoingia, na bonde ndilo linalowashinda wengi. Mkono hutaka kuanza juu na kushuka. Ukifanya hivyo filamu inavuka bonde kama daraja, unaisukuma ndani kwa nguvu, inavutika, inashika. Usiku inarudi taratibu na asubuhi unakuta hema. Anza bondeni. Filamu ililazwa kwa ulegevu, ikasukumwa kwa kadi katikati ya bonde kwanza, mstari wa sentimita 5, kisha kutoka hapo kwenda nje pande zote, kila mpito ukipanda juu ya uliotangulia kwa nusu. Kadi ilishikwa kwa mlalo wa nyuzi 45. Maji yaliyotoka yalikuwa mengi. Hilo ni jema.

Pembezoni, pale tenki linapojikunja kwenda chini, filamu ilizidi na kufanya mikunjo kama vidole vitano. Kila mkunjo uliinuliwa peke yake, chupa ya pili ikapulizwa chini yake, ukingo ukavutwa nje kidogo mpaka mkunjo ukafa, ukashikiliwa kama nusu dakika, ukasukumwa. Spiriti ile huosha sabuni na kuiacha gundi ishike mara moja. Isitumike katikati mapema, maana hutapata nafasi ya kusogeza. Ubavu wa kwanza ulichukua dakika 40, wa pili 25, wa juu 10.

Kipande cha juu kilikuwa na sharti lake: mfuniko una tundu dogo la kupumulia, na kwenye kisahani kinachouzunguka kuna njia ya kutolea maji ya mvua. Filamu isifunike hata kimoja. Tundu la kupumulia likizibwa tenki hunyonya hewa isiyoingia, mafuta hayashuki, na pikipiki huzima barabarani kana kwamba mafuta yameisha.

Tenki lilikaa ndani mpaka kesho yake. Siku saba halikuoshwa. Baada ya hapo, kwa mashine ya presha, mkono wa maji ukae angalau sentimita 30 mbali na upige katikati ya filamu, usielekezwe ukingoni.

Ilivyokuwa baadaye

Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu na malengelenge matatu ya maji kwenye ubavu wa kulia. Dereva, aliyeumwa na nyoka, alitaka kuyatoboa. Yakaachwa. Siku ya tisa yalikuwa mawili, wiki ya tatu hakuna hata moja, na ukungu uliisha. Hakuna lililojitokeza upya baada ya jua, na hicho ndicho kilichokuwa kinatazamwa. Punje moja ya vumbi ilibaki chini ya kipande cha juu, ukubwa wa kichwa cha pini. Kumenya eneo zima kwa ajili yake kungeleta nyingine tatu.

Mwezi wa nne kona ya mbele ya kipande cha juu, upande wa kushoto, iliinuka kama sentimita 1, na gundi yake ilikuwa imevimba na kuwa laini kama jibini. Kulia palikuwa sawa kabisa. Yale machozi ya rangi iliyopauka, kwenye kazi ya kwanza, yalielekea kushoto pia. Dereva hujaza mafuta pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni, tenki linainamia kushoto, na kila mpiga pampu anapojaza mpaka shingoni, petroli hushuka njia hiyohiyo mpaka chini ya ukingo. Sentimita 2.5 hazikutosha, 4 ndizo zilizokuwa zinatakiwa tangu mwanzo.

Kona ililoweshwa kwa taulo la maji ya moto, ikainuliwa sentimita 2, kipande cha plastiki ngumu kikaingizwa chini yake ili wembe usiguse rangi, ikakatwa kwa mviringo wa sarafu. Gundi iliyoharibika ikafutwa kwa isopropili, ukingo mpya ukapulizwa chupa ya pili, ukasukumwa, ukafungwa kwa selotepu ya karatasi mpaka kesho yake. Rangi chini ya kona ile ilikuwa nzima, haina doa wala harufu. Sasa anajaza pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, na anasimamisha pampu kabla mafuta hayajafika shingoni.